Mhitimu wa uhandisi wa elektroniki: nianzie kiwandani au kwenye kampuni ya mauzo?

Mhitimu wa Elektroniki, Ubungo

Wakubwa zangu, shikamooni. Nimehitimu shahada ya uhandisi wa elektroniki mwaka huu, na nimebahatika kuitwa kazini sehemu mbili hapa Dar es Salaam. Ya kwanza ni kiwanda cha mita za umeme za LUKU, ambako nitakuwa mhandisi msaidizi wa uzalishaji kwa zamu, zikiwemo za usiku. Ya pili ni kampuni inayoagiza mitambo kutoka nje na kuiuza. Ofisi zake ziko Posta, mshahara ni mkubwa zaidi, na kazi yangu itakuwa kuandaa bei na kutembelea wateja. Nyumbani wanataka niende Posta, kwa kuwa hawaoni sababu ya binti yao kusoma miaka minne kisha akavae ovaroli usiku. Mimi ninatamani siku moja nibuni na kutengeneza vifaa vya elektroniki hapa hapa nchini. Naomba ushauri wenu: nianzie wapi, na nikiingia kiwandani nianze kujifunza nini?

Mhandisi wa Uzalishaji, Chang'ombe

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kuhitimu. Kwa lengo ulilolitaja, nenda kiwandani. Chuo kimekufundisha namna sakiti inavyofanya kazi, lakini hakikukufundisha namna ya kutengeneza sakiti hiyo hiyo mara elfu kumi bila kuharibika, na hiyo ni taaluma inayojitegemea. Chukua laini ya uzalishaji yenye vituo 10, kila kituo kikipitisha bodi (vibao vya sakiti) 99 kati ya 100 bila kasoro. Ukisikia asilimia 99 unaridhika, lakini mwishoni mwa laini zitakazokuwa zimepita vituo vyote salama ni takriban 90 tu kati ya 100. Mhandisi asiyeielewa hesabu hii atabuni kifaa kizuri mezani, kisha atashangaa kwa nini kinamtia hasara kiwandani.

Nikupe mfano mmoja kutoka kiwanda nilichoanzia. Kasoro za kulehemu zilikuwa zikiongezeka kila Jumatatu asubuhi: vijipunje vya solda, yaani risasi ya kulehemea, vilitapakaa kati ya miguu ya vijenzi (vipande vidogo vya elektroniki vinavyofungwa kwenye bodi), na bodi zikafeli kwenye meza ya majaribio. Wahandisi tulibadilisha joto la tanuri linaloyeyusha solda, tukakagua stensili, yaani bati lenye matundu la kupakia solda, tukamlaumu msambazaji. Aliyelitatua ni mama mmoja opereta aliyekuwa pale kwa miaka mingi. Solda laini ile inayopakwa kwenye bodi huhifadhiwa kwenye friji, na inapaswa kukaa nje saa kadhaa ikiwa bado imefungwa, ili ifikie joto la chumba. Siku nyinginezo za wiki zamu ya usiku ilikuwa ikiitoa mapema. Jumapili usiku hakukuwa na zamu, kwa hiyo Jumatatu kopo lilifunguliwa likiwa bado baridi, na hewa ya Dar es Salaam, ambayo wote tunaijua kwa unyevu wake, ikaacha humo matone ya maji. Maji hayo yanapochemka ndani ya tanuri, solda inaruka. Mama yule alikuwa ameliona jambo hilo muda mrefu, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kwa hiyo anza na mambo ya namna hii. Jifunze kwa nini baadhi ya vijenzi huja katika mifuko iliyofungwa pamoja na kikadi cha kupima unyevu, na kwa nini aina nyingi, mfuko ukishafunguliwa, zina saa 168 tu za kutumika, tena katika chumba kisichozidi nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 60. Kiwango hicho kinakulazimu kudhibiti hewa ya chumba, maana unyevu wa nje hapa kwetu mara nyingi unakipita. Ukiyajua hayo kwa mikono yako, utabuni vitu ambavyo kweli vinatengenezeka Tanzania.

Fundi Mitambo, Vingunguti

Binti yangu, mimi nimesomea VETA na nimewapokea wahandisi wapya wengi. Wanaofika mbali ni wale wanaosalimia, wanaosimama kwenye mashine hadi zamu iishe, na wanaouliza kabla ya kugusa. Daftari la mashine lisome kabla ya kusoma kitabu cha mtengenezaji, kwa sababu humo ndimo tulimoandika kilichoharibika, lini, na spea gani ilifungwa. Na mashine ikisimama, usimkimbilie fundi kumuuliza itawaka saa ngapi. Mshikie tochi kwanza.

Mhandisi Mtaalamu, Mikocheni

Nakubaliana na waliotangulia, ila kwa sharti moja ambalo hawakulitaja. Viwanda vingi vinavyoitwa vya teknolojia hupokea bodi zikiwa zimekwisha kulehemewa nje ya nchi, na kazi inayobaki ni kufunga skrubu, kubandika lebo na kupakia kwenye maboksi. Hiyo nayo ni kazi halali, lakini utaimaliza kuisoma ndani ya miezi michache. Kabla ya kusaini, omba utembezwe kiwandani, na uulize kama bodi zinalehemewa hapo. Kama hazilehemewi, na ile kampuni ya Posta inawapeleka wahandisi wake kufunga na kurekebisha mitambo kwa wateja, basi huenda Posta ukajifunza zaidi.

Uliza pia kama kuna mhandisi aliyesajiliwa atakayekusimamia. Jisajili mapema kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu, kisha uombe kuingia SEAP, mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka 3 ambao bodi imeuendesha tangu 2003. Andika kazi zako kila wiki wakati bado unazikumbuka. Nimewaona vijana wazuri wakihangaika kukusanya saini za wasimamizi waliokwisha kuhama.

Mhitimu wa Elektroniki, Ubungo

Nawashukuru sana. Nimetembezwa kiwandani: bodi zinalehemewa pale pale, tanuri nimeliona kwa macho yangu, na mkuu wa uzalishaji amesajiliwa na amekubali kunisimamia. Nimeamua kwenda huko. Kinachomtia mama wasiwasi sasa ni zamu ya usiku. Je, kwenye mkataba niangalie nini?

Mhandisi Mtaalamu, Mikocheni

Wasiwasi wa mama ni wa haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kila saa ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa angalau asilimia 5. Hakikisha maelezo ya majukumu yako yameandikwa wazi, kwa sababu masharti hayo ya saa hayamhusu anayesimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Usafiri sheria haijautaja kwa namna hiyo, kwa hiyo uombe wenyewe: gari la kiwanda la kukufikisha hadi nyumbani, si hadi kituo cha daladala, na liandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini.