Wakuu, asilimia 82 ya ndege wangu wamekufa? Ushauri tafadhali

Mwanapete: Wakuu heshima yenu. Nasoma uzamili, nanasa ndege Usambara Mashariki na kuwavisha pete mguuni, niwatambue nikiwanasa tena. Nyavu 12, niko peke yangu. Mwaka wa kwanza nilivisha 212. Mwaka wa pili nikanasa tena 38, wa tatu 9. 38 kwa 212 ni asilimia 18. Ndiyo kiwango cha kuishi? Msimamizi anataka sura ya nne Ijumaa. Silali.

MzeeWaUlimbo: Sisi utotoni tulitega kwa ulimbo, akinasa tunakula. Kiwango cha kuishi sifuri, na sura ya nne hatukuandika.

BibiTakwimu: Asiyenaswa si maiti, mwanangu. Waliobaki hai wakiwa 60 kwa mia, na nyavu zikanasa 30 kwa mia ya hao, unapata 18 hiyohiyo. Ndiyo maana wanatakwimu Cormack, Jolly na Seber (1964-65) walitenganisha kuishi na kunaswa. Aliyekosekana mwaka wa pili akanaswa wa tatu ni shahidi kwamba nyavu zilimkosa akiwa hai. Unao wangapi? Na hiyo 9 imeporomokaje? Nyavu zilikuwa palepale?

Mwanapete: Nyavu ni zilezile.

BibiTakwimu: Nimeuliza palepale.

Mwanapete: Njia ilikatika na mvua, tukahamia bonde la pili, kilomita moja na nusu hivi. Ila msitu ni mmoja na ndege ana mabawa! Halafu 18 nimeshaitaja kwenye semina.

Kipepe: Kuna albatrosi, ndege wa baharini, anaitwa Wisdom: alivishwa pete kisiwa cha Midway, Pasifiki, 1956, na 2024 alikuwa bado anataga. Wako hata mwaka hawamalizi? Kuna mkono wa mtu.

Kachumbari: Mnanyweshwa chai. Nyavu 12 peke yake, ndege si watafia humo? Halafu juu kasema "nilivisha", sasa "tukahamia". Mwezi jana huyu alikuwa anauza shamba Kibaha.

Mwanapete: Wapo vijana wawili wa kijijini, sikuwataja tu. Shamba ni la mjomba.

BibiTakwimu: Chai au uji, hesabu ni hiyo. Ukitupa mwaka wa tatu huna cha kutenganishia kuishi na kunaswa. Ukiubakiza, ndege wa bonde la pili wengi hawana pete, maana nyavu za bonde la kwanza ziliwagusa kwa nadra. Andika wazi kwamba mlihama, na aliyehama eneo asiitwe marehemu. Kisha rudi bonde la kwanza, upate mwaka wa nne.

Mwanapete: Bibi, Ijumaa ni keshokutwa. Nikiandika "takriban 18"?

MzeeWaUlimbo: Hilo shamba la Kibaha heka bei gani?