Ripoti ya mwaka ya kampuni ya chupa: kurasa zaidi ya mia, na umri wa tanuru hamna! Wanahisa wadogo tunadanganywa mchana kweupe

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Jana kampuni ya chupa niliyoifanyia kazi miaka 11 huku kaskazini mwa Uingereza ilifanya mkutano mkuu wa wanahisa. Jina la kampuni silitaji, na atakayeanza kubashiri jina hapa chini namwomba aache, kuna watu bado wanakula pale.

Hisa zangu sikuokota. Kila mwezi zilikatwa pauni 50 kwenye mshahara wangu kupitia ule mpango wa hisa za wafanyakazi. Meneja alitukusanya kantini akatuambia kuanzia leo ninyi si vibarua, ninyi ni wenye mali. Mama watoto alipinga tangu siku ile, akasema hela hiyo tuipeleke Kibaha kwenye kiwanja, nyumba ingekuwa imeshafika kwenye linta. Nikamwambia subiri gawio. Mwaka juzi gawio lilikuja. Mwaka jana likapunguzwa. Mwaka huu tumeambiwa halipo, kwa sababu kampuni "inaimarisha mizania yake". Nimemsomea sentensi hiyo mezani na hakunijibu kitu. Aliinuka akaenda kuosha vyombo.

Basi nikasema nisome ripoti yote, neno kwa neno. Siku tatu. Kuna picha ya binti ameinua chupa juani. Kuna barua ya mwenyekiti, kuna mkakati wenye nguzo nne, kuna ahadi za mwaka 2030 na mwaka 2050. Kuna ukurasa mzima wa jinsi bodi inavyothamini "sauti ya wanahisa wote". Mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, tanuru, na sikukiona.

Kwa ambao hamjawahi kuingia kiwanda cha chupa: kiwanda kile ni tanuru. Mashine za kufinyanga, mikanda, maghala, malori, vyote vinalihudumia lile tanuru. Unamimina mchanga, magadi, mawe ya chokaa na vigae vya chupa kuukuu, vinayeyuka kwenye joto la nyuzi 1,500 na zaidi, na likishawashwa halizimwi. Krismasi linawaka, Idi linawaka, wakati wa korona liliwaka. Linakwenda hivyo miaka 10 hadi 15, na muda wote huo kioo kinachochemka kinakula matofali ya kuta zake kidogo kidogo. Mwisho wake unafika. Unalikamua kioo chote, unalibomoa, unalijenga upya, miezi inapita bila chupa hata moja kutoka, na bili yake ni mamilioni ya pauni. Kwa hiyo pale kiwandani hata mfagizi anajua umri wa tanuru kama anavyojua umri wa mwanawe. Kampuni ya chupa inayokuletea ripoti ya mwaka bila kukuambia tanuru lina miaka mingapi haijakuambia kitu.

La kwetu niliajiriwa nikalikuta linawaka. Nimefanya miaka 11, nimeondoka, naambiwa bado linawaka. Pigeni hesabu wenyewe.

Na mimi sibahatishi. Nilikuwa upande wa baridi, kwenye ukaguzi, chupa zikishatoka kwenye tanuru la kupoozea. Mashine ndizo zinazokagua, lakini kila baada ya muda unachukua chupa mkononi unaiinua mbele ya taa nyeupe. Kuna kasoro tunaiita jiwe. Unaona punje nyeupe ndani ya kioo, ndogo kama ufuta, na kuizunguka kuna nyufa nyembamba sana zimetawanyika kama kidole cha kuku. Chupa yenye jiwe begani, ukiijaza bia ikapata mtikisiko, inaweza kumpasukia mtu mkononi. Jiwe linaweza kutoka kwenye mchanga au kwenye vigae vichafu, lakini yakianza kuja mfululizo, zamu baada ya zamu, mtu wa kwanza kuulizwa ni tanuru, kwa sababu linamwaga matofali yake mwenyewe ndani ya chupa.

Miaka yangu ya mwanzo ningeweza kumaliza zamu nzima sijaliona jiwe hata moja. Mwaka wangu wa mwisho tulikuwa tunazuia paleti nzima nzima. Usiku mmoja, kama saa tisa hivi, alikuja mzee mmoja wa upande wa moto, amefanya kazi na tanuru lile tangu lilipowashwa. Nikampa chupa. Akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akaiangalia muda mrefu kuliko kawaida. Hakusema neno. Akaenda nayo. Sijamsahau uso wake hadi leo, na ndiyo maana picha ya yule binti juani imenichefua.

Sasa njooni kwenye hesabu, maana huku ndiko tunakoibiwa macho yakiwa wazi. Faida iliyoandikwa kwa herufi kubwa ukurasa wa pili ni faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Kabla ya uchakavu! Biashara ambayo mtaji wake wote ni ukuta unaoliwa kila dakika, halafu unaniletea faida ambayo ukuta haumo! Ni sawa na mwenye daladala anayehesabu nauli za siku, anatoa dizeli na posho ya konda, anasema nimepata kiasi hiki, na injini ambayo mwakani lazima ishushwe hajaiwekea hata senti. Sawa, uchakavu upo kule nyuma kwenye vidokezo, kwa maandishi madogo, umechanganywa na majengo na forklifti ndani ya mstari mmoja. Ukitaka kujua tanuru peke yake limebakiza nini, huwezi.

Na marupurupu ya wakurugenzi yanapimwa kwa ile ile faida ya ukurasa wa pili. Yaani kila mwaka wanaoahirisha kulijenga tanuru, faida yao inang'aa na bonasi inatoka. Gawio letu limefutwa, bonasi yao imepitishwa kwa kura, mkutano ule ule, siku ile ile.

Kuhusu gesi, mwenyekiti ameilaumu bei. Sikatai, bei ilipanda vibaya mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, viwanda vya vioo Ulaya nzima viliumia. Lakini bei ni jambo moja na kiasi unachochoma ni jambo jingine. Tanuru likizeeka kuta zinakuwa nyembamba, joto linavuja, na ili utoe tani ile ile ya kioo unachoma gesi zaidi. Ripoti imetupa jumla ya bili tu. Tungepewa kiasi cha nishati kwa kila tani ya kioo, mwaka hadi mwaka, tungeona kosa ni la soko au ni la tanuru.

Vigae nako wamepiga debe kurasa nne. Ni kweli vigae vina maana kubwa, ukiongeza asilimia 10 ya vigae kwenye mchanganyiko unaokoa karibu asilimia 3 ya nishati, na hewa ya ukaa inapungua. Wanajisifu kiwango kimepanda. Swali langu: vigae vya wapi? Kuna vya nje, chupa zilizokusanywa majumbani na kwenye baa. Na kuna vya ndani, yaani chupa zetu wenyewe tulizozikataa kwa sababu ya mawe, zikasagwa zikarudishwa ndani. Kiwanda chenye tanuru bovu kitakuwa na vigae vya ndani vingi sana. Ripoti haitenganishi. Inawezekana kabisa kitu ninachoambiwa nikipigie makofi ndicho kile kile nilichokuwa nakitupa usiku.

Kwenye jambo moja nitawatetea. Ile tozo mpya ya vifungashio ya serikali ya hapa ni mzigo wa kweli. Kwa mwaka 2025/26 kioo kilikuwa pauni 192 kwa tani, alumini ilikuwa 266. Ukisikia hivyo unaona kioo kimependelewa, lakini tozo inakwenda kwa uzito. Chupa ndogo ya bia ina kama gramu 200, kopo lina kama gramu 13. Piga hesabu: chupa karibu peni 4, kopo kwa kiwango hicho lisingefika hata nusu peni, na mwaka ule makopo ya vinywaji hayakutozwa kabisa. Anayelipa ni kampuni ya bia, nayo anahamia kwenye kopo. Hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu nyingine ya sisi kujua hali ya tanuru. Wateja wakipungua huku tanuru nalo linadai mamilioni, kiwanda kinafungwa, na mwanahisa mdogo atasoma habari hiyo gazetini kama mpita njia.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa mtandaoni. Maswali unaandika, mtu wao anayasoma. Niliandika mistari mitatu: tanuru liliwashwa mwaka gani, litajengwa upya lini, na fedha za kulijenga ziko wapi. Swali langu lilisomwa hivi: "Mwanahisa mmoja anauliza kuhusu mipango ya uwekezaji." Mkurugenzi mtendaji akajibu kwamba wanawekeza kwa nidhamu na kwa kuzingatia maslahi ya wadau wote. Hata dakika haikuisha. Swali lililofuata lilikuwa la kupongeza muundo mpya wa chupa.

Mtu asiniambie hizo ni siri za biashara. Verallia, kampuni ya chupa ya Ufaransa, walipowasha tanuru la umeme mtupu pale Cognac mwaka 2024, walitangaza hadharani kwamba ni la tani 180 kwa siku. O-I, wakubwa wa chupa wa Marekani, walipoona mradi wao wa tanuru la aina mpya, MAGMA, hauendi, mwaka 2025 waliwaambia wanahisa kwamba wanausitisha. Habari chungu, lakini wamesema kama watu wazima. Sisi tunapewa picha ya binti.

NYONGEZA: Wengi mmeuliza kwa nini nisiuze nikaachana nao. Kwanza bei ya leo iko chini ya wastani niliolipa, nikiuza nimeidhinisha hasara yangu mwenyewe. Pili, nina rafiki zangu pale, wawili ni Wakongo wa Bukavu niliowaombea kazi mimi. Ukuta wa tanuru ukitoboka, kioo cha moto kinatiririka sakafuni na watu wanasimama na mipira ya maji kukigandisha mpaka tundu lizibe. Watakaosimama pale ni hao, wakurugenzi hawatakuwepo.

NYONGEZA 2: Kwa wanaouliza tufanye nini. Sheria ya Makampuni ya hapa ya mwaka 2006 inasema kwa kampuni ya umma (si ya serikali, ni ile inayoruhusiwa kuuza hisa kwa watu wote), wanahisa wenye asilimia 5 ya kura, au wanahisa wasiopungua 100 wenye haki ya kupiga kura ambao hisa zao zimelipiwa wastani usiopungua pauni 100 kila mmoja, wanaweza kuilazimisha kampuni iweke azimio lao kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Asilimia 5 hatuwezi. Watu 100 tunaweza, waliopitia kile kiwanda na bado wana hisa ni wengi kuliko hao. Azimio ni mistari mitatu ile ile, pamoja na sharti kwamba bonasi za wakurugenzi zisipimwe tena kwa faida isiyo na uchakavu.

Ombi linatakiwa liwafikie wiki 6 kabla ya mkutano, kwa hiyo muda wa kujipanga kwa mwakani tunao. Tangu jana usiku nimepata majina 14. Kama hisa zako bado ziko kwa mdhamini wa mpango, usikate tamaa, niandikie faragha nikuelekeze cha kumwandikia. Kama umezitoa na ziko kwa jina lako, tafuta cheti chako leo, angalia idadi, unitumie namba tu. Na ndugu wa zamu ya usiku, mliopo sasa hivi, msiandike lolote hapa. Nipigieni.