Gumzo la ukoo: Zuhura na baa za Mto Thames

*Zuhura (London):* Assalaam aleikum jamani. Leo na wenzangu wa kazini tunatembea kwa miguu kando ya Mto Thames kutazama baa za kale.

*Shangazi Mwanaisha:* Waaleikum salaam. Baa? Wewe binti wa Maalim?

*Zuhura:* Shangazi, mie ni maji ya machungwa na picha tu 😂

*Kassim:* Machungwa yaliyochacha.

*Zuhura:* [Picha] Hii ni Prospect of Whitby, mtaa wa Wapping. Wanadai pana baa hapa tangu 1520. Jengo liliungua likajengwa tena, sakafu ya mawe ndiyo wanayojivunia. Kaunta imevikwa bati, imekalia mapipa.

*Shangazi Mwanaisha:* Na hicho kinachoning'inia nje ni nini, kitanzi??

*Zuhura:* Ndiyo. Huku ndiko walikonyongwa maharamia, chini kabisa ufukweni maji yakipwa. Maiti iliachwa mpaka maji yajae yakaifunika mara 3.

*Mjomba Saidi:* Mto unajaa na kupwa?

*Zuhura:* Sana mjomba. Bamvua likiwa kubwa maji hupanda kama mita 7.

*Mjomba Saidi:* Lo! Na sisi Kilindini na mita zetu 4 tunajiona.

*Zuhura:* Sasa tuko Captain Kidd. Ghala la zamani, lakini baa yenyewe ni ya miaka ya 1980. Ukongwe wa kubandika. Kidd mwenyewe, nahodha aliyehukumiwa kwa uharamia, alinyongwa hapa jirani 1701. Kamba ikakatika, wakamnyonga tena.

*Mjomba Saidi:* William Kidd? Huyo alipita kwetu! Mwaka 1697 alitia nanga Nzuwani, huko Komoro, kisha kisiwa jirani cha Mwali akailaza meli ufukweni kuikwangua chini. Maradhi yakawafagia mabaharia wake.

*Kassim:* Mwali kwa kina bibi? Basi walimjua mapema.

*Shangazi Mwanaisha:* Msinitajie marehemu bibi kwenye habari za maharamia.

*Zuhura:* [Picha] Ngazi za Wapping, pembeni mwa baa ya Town of Ramsgate. Zimeota mwani, nimeshika ukuta kwa mikono miwili. Huku ndiko Jaji Jeffreys, aliyejulikana kwa hukumu kali, alikokamatwa 1688 akitoroka baada ya mfalme wake kupinduliwa, kavaa kibaharia.

*Kassim:* Aliyezoea kuhukumu wenzake.

*Zuhura:* Tumevuka kwa treni chini ya mto, ndani ya njia waliyojenga wahandisi kina Brunel, baba na mwana. Ilifunguliwa 1843, ya watembea kwa miguu. Sasa tuko Rotherhithe, baa ya Mayflower. Meli ya jina hilo iliondoka huku 1620, ikaishia Marekani. Wanasema baa hii ina ruhusa ya kuuza stempu za Uingereza na za Marekani.

*Mjomba Saidi:* Stempu?! Ninunulie za pande zote mbili, pesa nitampa mamako.

*Shangazi Mwanaisha:* Stempu nunua. Kingine chochote cha humo ndani usiguse.