Naomba ushauri: kisu kujitoa mapema wakati wa kukata hesi

Ndugu wanajumuiya, habari za kazi. Nipo Mtwara mjini, ninakereza shafti za boti za uvuvi kwa mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta). Hesi (nyuzi za kufungia nati) ninayokata ni M30, yaani ya kipenyo cha milimita 30, yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 2, nayo inaishia kwenye mfereji wenye upana wa milimita 4, kabla tu ya bega, yaani pale shafti inapoongezeka unene.

Kisu huanza kujitoa kwa mshazari milimita 2 kabla ya mwisho, hivyo uzi wa mwisho hubaki nusu na nati haifiki begani. Na nati isiyokaza vizuri baharini ni hatari kwa watu. Katika programu ya kuandalia kodi (maagizo ya mashine) nimeweka urefu wa kujitoa kuwa sifuri, lakini mstari wa G76 (amri ya kukata hesi) bado unatoka na P021060, ambapo 10 ya katikati ndiyo hatua moja nzima ya kujitoa. Nikiandika 00 kwa mkono, uigaji wa kwenye kompyuta unaonekana sawa, ila sijathubutu kukata chuma.

Je, thamani hiyo imefungwa kwenye posti prosesa, yaani faili linalogeuza njia za kisu kuwa kodi? Na kwa mizunguko 500 kwa dakika, nikimalizia hesi katikati ya mfereji huo, kisu kitapata nafasi ya kutoka moja kwa moja bila kugonga bega?