Vyuo vikuu vidogo vya kibinafsi vizuiwe kufundisha kozi za afya?

Muuguzi, Nakuru:

Wenzangu, naleta mada hii kwa sababu imenikaa moyoni. Kwenye matatu ya kutoka Njoro nilisikia wazazi wawili wakikubaliana kwamba serikali ivipige marufuku vyuo vikuu vidogo vya kibinafsi kufundisha uuguzi na utabibu. Chuo chenye madarasa sita, wakasema, hakitoi muuguzi. Anayetaka mwanawe asomee afya ampeleke KMTC, chuo cha serikali ya Kenya cha mafunzo ya afya, au chuo kikuu cha umma. Mimi nilisoma chuo cha namna hiyo na leo nafanya zamu katika wadi ya uzazi. Sikubaliani nao, ila najua hofu yao inatoka wapi.

Darasani hatukukosa kitu. Tulikuwa ishirini na wanne. Mhadhiri wa anatomia alitujua kwa majina, na ukikosa kipindi cha saa mbili asubuhi, saa nne anakupigia simu. Sanamu za kujifunzia kuzalisha zilikuwa mbili tu, lakini kwa darasa dogo kama letu kila mtu alizishika mpaka mikono ikazoea.

Taabu ilianza wadini. Chuo hakikuwa na hospitali yake, kwa hiyo kilituombea nafasi katika hospitali ya umma. Asubuhi ya kwanza tulikuta wanafunzi wa chuo kingine wameshafika, na wa stashahada, na wa utabibu. Kitanda cha nne alilala mama aliyejifungua usiku. Mwanafunzi wa kwanza alimpima presha, wa pili akampima, wa tatu, wa nne. Zamu yangu ilipofika, mama alikuwa ameshakunja mkono wa gauni kabla sijafungua mdomo, uso ameuelekeza ukutani. Sikumpima. Nilimshusha ule mkono wa gauni, nikamuuliza kama amekunywa uji. Hakuwa amekunywa.

Ndipo nikaona kwamba kuhesabu madarasa ya chuo hakutusaidii. Tuhesabu vitanda, na wauguzi walio na nafasi ya kumsimamia mwanafunzi. Tena tuvihesabu kwa hospitali nzima, vyuo vyote vikiwekwa pamoja, maana kila chuo kikija na hesabu yake peke yake kitaonekana kimetimiza masharti. Baraza la Wauguzi huidhinisha chuo kabla hakijafundisha, na mhitimu hapewi leseni bila kufaulu mtihani wa Baraza, awe ametoka chuo cha umma au cha kibinafsi. Hilo ni jema. Lakini usiku mama akivuja damu, mtihani wa karatasi haukuonyeshi mikono ianzie wapi.

Na hao wanaosema "kibinafsi" kana kwamba ni tusi, wakumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Baraton kule Nandi ni cha kibinafsi, kina hati yake ya kudumu tangu 1991, na wauguzi wake tunafanya nao kazi. Nyinyi mnasemaje?

Mzazi, Kondele:

Dada muuguzi, wewe umesema vitanda, mimi nasema karo. Binti yangu ana C+ na barua ya kujiunga na chuo cha kibinafsi mwezi Septemba. Zamani KUCCPS, shirika la serikali linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, ikimpeleka mtoto chuo cha kibinafsi, serikali ilimchangia. Mfumo mpya wa 2023 ulipokuja, wanaoingia huko ufadhili huo hawaupati, na mzigo ni wa mzazi. Niko tayari kuuza ng'ombe wawili. Lakini amalize halafu akae nyumbani? Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na chanzo kimojawapo kilikuwa malipo ya wanagenzi, yaani madaktari waliomaliza chuo na bado wako katika mafunzo ya kazini: makubaliano ya 2017 yalisema Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kutoa Sh70,000. Ikiwa daktari anapiganiwa hivyo, wangu atapiganiwa na nani? Chuo kisichojua wahitimu wake wanakwenda wapi kifungwe.

Muuguzi msimamizi wa wadi, Kisumu:

Baba, kukosa kazi hakuchagui chuo. Wa KMTC nao wanangoja.

Mimi nasema kama mtu anayepokea hao wanafunzi. Usiku tuko wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini, na tunaletewa wanafunzi kumi na wawili. Nimfundishe nani, nimwache mgonjwa yupi? Saa kumi na mbili asubuhi wananiletea vitabu vyao vya kuandikia kazi walizofanya wadini nitie sahihi, nami natia nikiwa nimesimama, na mengine sikuwaona wakiyafanya. Inaniuma kulisema hili. Vyuo hulipa hospitali ndipo wanafunzi wapokewe, lakini katika wadi yangu pesa hizo sijaona zikiongeza hata muuguzi mmoja. Kwanza ziajiri wa kufundisha, ndipo tuzungumze juu ya kufunga vyuo.

Muuguzi, Nakuru:

Sista, asante kwa kulisema wazi. Hizo sahihi nilizipewa hata mimi, na mwaka wa kwanza kazini nilizilipia kwa woga kila nilipoachwa peke yangu na mama mwenye uchungu.

Baba, kuhusu kazi sina la kukufariji nalo. Ila kabla ya kuuza ng'ombe, omba chuo kikuonyeshe mkataba wake na hospitali, si picha za majengo. Uliza kama kuna hospitali ya pili, hasa ya misheni. Mwaka 2017 wauguzi tuligoma karibu miezi mitano, na wanafunzi waliotegemea hospitali za umma pekee walipoteza muda wao wa wadini. Kisha nenda hospitalini kwenyewe na binti yako, siku ya kazi, asubuhi. Msalimie msimamizi wa wadi, umuulize analetewa wanafunzi wangapi na kutoka vyuo vingapi. Ukirudi, tuandikie hapa alivyokujibu.