Ulinganisho: kumalizia uhasibu, kuhamia data au kujiajiri? Na wewe uko kazi gani, unataka kufika wapi?

KaraniMizania

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni karani wa hesabu, mwaka wa 6 sasa. Asubuhi napokea ankara na stakabadhi, naziingiza kwenye leja. Mwezi ukiisha nalinganisha daftari letu na taarifa ya benki mpaka tofauti iishe. Kazi naiweza na naipenda. Kinachoniuma ni kwamba kila ninachoandaa kinapelekwa kwa mwingine atie saini. Miaka yote hii jina langu halijawahi kukaa chini ya karatasi hata moja.

Nina njia tatu. Ya kwanza ni kumaliza ACCA, ile sifa ya kimataifa ya uhasibu. Mtaala ninaosomea una mitihani 13, nimeshafaulu 5. Miezi 36 ya uzoefu kazini inayotakiwa ninayo tayari, mitihani ndiyo inayonikaba. Ya pili ni kuhamia uchambuzi wa data, maana lahajedwali nazitumia kutwa. Ya tatu ni kuacha kazi niwatunzie vitabu wafanyabiashara wadogo kwa mkataba.

Naomba kila anayechangia aanze kwa kusema yeye anafanya nini na anataka kufika wapi, ndipo anishauri. Nataka nijue ushauri unatoka kwenye mikono ya aina gani.

FundiArgoni

Nachomelea mabomba ya shinikizo. Lengo langu ni kuwa mkaguzi wa viungo, na nimeshaanza kusoma.

Mkuu, hilo la saini limenigusa, maana sisi saini tunaanza nayo mapema sana. Nikimaliza kiungo, namba yangu inaandikwa kando yake. Picha ya eksirei ikionyesha ufa au tundu la hewa ndani ya chuma, hakuna anayeuliza ni nani aliyechomelea. Mtihani wetu mgumu, ule wa 6G, bomba hufungwa kwa mshazari wa digrii 45 na hairuhusiwi kulizungusha. Wewe ndiye unayelizunguka, mara umepiga magoti, mara umelala chali. Na ukishafaulu hujamaliza: ukikaa miezi 6 bila kuitumia mbinu ile, cheti kinapoteza nguvu.

Nakueleza haya ili ujue kwamba saini ina uzito wake usiku. Kuna kiungo kimoja nilichokifanya siku niliyokuwa na homa. Kilipita vipimo vyote, lakini bado nakikumbuka kilipo. Mkaguzi anabeba zaidi yangu, anatia saini viungo vya watu arobaini ambao hakuwashikia mkono. Hata hivyo naitaka kazi hiyo, kwa sababu nimeona viungo vilivyopitishwa na mtu asiyejua kuchomelea.

Kwako nachagua njia ya kwanza. Umebakiza 8, usiiache saini ukiwa umeshaikaribia.

MkungaWaZamu

Muuguzi mkunga, zamu za saa 12. Ninaomba nafasi ya kusomea nusukaputi.

FundiArgoni ameongea vizuri, ila mimi ningeuliza kwanza: kinachokuchosha ni kazi au ni wodi? Mwaka wa nne niliandika barua ya kuacha uuguzi kabisa. Dada mmoja mkubwa kazini akaniomba nisiipeleke, nihamie kwanza wodi nyingine. Nilihamia wodi ya wazazi, na ile barua sikuipeleka tena. Kumbe nilichokichoka ni sehemu moja yenye msimamizi asiyemwamini mtu, nikawa naitupia lawama taaluma nzima.

Kuhusu kubadili njia ukiwa tayari na miaka kazini, kuna mtu ambaye hunipa nguvu. Kila mtoto ninayempokea nampima rangi, mapigo ya moyo, mwitikio, misuli na pumzi, kila kimoja 0 hadi 2, dakika ya 1 na tena dakika ya 5. Kipimo hicho kilichapishwa mwaka 1953 na Virginia Apgar. Alisomea upasuaji, akashauriwa kuuacha, akahamia nusukaputi, na huko ndiko alikowaona watoto wakizaliwa bila kuangaliwa vya kutosha. Alipofika miaka 50 akachukua shahada ya afya ya jamii na kuanza kazi nyingine tena. Ujuzi wake wa kwanza hakuutupa, alihama nao.

Kwa hiyo naongeza njia ya nne: uhasibu huohuo, ofisi nyingine au idara nyingine.

Hoja_SQL

Nilikuwa mhasibu, sasa ni mchambuzi wa data mwaka wa 3. Nataka kuwa mhandisi wa data, yaani nijenge mifereji inayoleta takwimu badala ya kuzisubiri mwisho wa mfereji.

Nikwambie ukweli wa kutwa. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusafisha. Tarehe zimeandikwa kwa mitindo mitatu, mteja mmoja ana majina mawili, mahali pa namba pameandikwa "haipo". Michoro mizuri huja mwishoni, tena kwa muda mfupi. Karatasi moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576. Ukivuka hapo unahitaji hifadhidata na SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa tamu.

Faida yako ipo. Mfumo wa maingizo mawili, yaani kila muamala kuandikwa pande mbili, aliouandika Luca Pacioli mwaka 1494 umekufundisha kutilia shaka jumla isiyokubaliana na jumla nyingine. Wenzangu waliotoka kwenye programu hukubali jibu kwa sababu mashine imelitoa. Mimi huuliza upande wa pili uko wapi, na mara nyingi kosa hukaa hapo.

Lakini kama unachotafuta ni saini, huku hakuna. Ripoti yangu inasomwa kikaoni, uamuzi unakuwa wa mkurugenzi, jina langu linabaki kwenye faili. Mimi hainisumbui. Wewe umeandika kwamba inakuuma, basi lipime hilo kabla ya kitu kingine.

Jaribu kabla hujaacha chochote. Chukua leja ya mfano ya miezi mitatu, si ya mwajiri wako, uitengenezee urari, yaani orodha ya kuona kama pande mbili zinalingana, kwa SQL bila kugusa lahajedwali. Ukiona umefika saa sita usiku bila kujua, utakuwa umepata jibu.

VitabuVyangu

Nimejiajiri, natunza vitabu vya biashara ndogo 14. Lengo ni kuajiri watu wawili ili mimi nibaki na kazi ya kupitia na kushauri.

Njia ya tatu ina uhuru wa kweli, ila kutunza vitabu ni kama nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutafuta wateja, kukumbusha malipo, na kumpokea mtu aliyeleta mfuko wa risiti siku mbili kabla ya mwisho wa kuwasilisha kodi. Mwaka wa kwanza mteja mmoja alichelewa kuniletea nyaraka, akapigwa faini, akasema kosa ni langu. Sikuwa na karatasi ya kujitetea. Tangu siku hiyo sianzi kazi bila barua ya makubaliano: nitafanya nini, sitafanya nini, nyaraka ziletwe lini.

Pia ujue kuna dari. Katika nchi nyingi ripoti ya ukaguzi wa hesabu hutiwa saini na aliyesajiliwa tu. Wateja wangu wakikua wananiacha, na ninaumia kila mara. Kama ningerudi nyuma ningemaliza mitihani kwanza. Kwa hiyo kwangu ya kwanza na ya tatu si washindani, ya kwanza ndiyo inayoifungulia ya tatu.

Na kitu kidogo: pale kwenye hesabu za mwezi kuna mistari mitatu, "Imeandaliwa na", "Imekaguliwa na", "Imeidhinishwa na". Wa kwanza ni wako. Umewahi kuuomba?

Mwl_Aljebra

Mwalimu wa hisabati, miaka 11. Nimepewa nafasi ya kuwa mkuu wa shule mara mbili, nikakataa zote. Ninachotaka ni kubaki darasani na kuwa bora zaidi humo. Nimeandika tu ili anayesoma akiwa hataki cheo ajue kwamba hilo nalo ni lengo.

KaraniMizania

Nimerudi baada ya wiki tatu, asanteni sana wote.

Leja ya mfano nimeijaribu, Hoja_SQL. Ilinichukua Jumamosi tatu jioni na urari ukakubali. Nilifurahi, lakini saa nne nilikuwa nimeshafunga mashine. Nitajifunza kama chombo cha kazi, kuhama sihami. Mitihani miwili nimejiandikisha kwa msimu ujao.

VitabuVyangu, ule mstari sikuwahi kuuomba. Nilidhani unaachwa wazi kwa kawaida. Jana nilimfuata msimamizi, nikamwambia nataka nifunge mwenyewe hesabu za tawi moja na niandike jina langu. Akanitazama kidogo, akasema alidhani sitaki lawama. Za mwezi huu zinafungwa Ijumaa. Nimeshaanza kuzipitia mara ya pili.