Sange wa Arabuko-Sokoke hulala wapi?

Swali
Wanajukwaa, habari zenu. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, huwa namwona sange mwenye makalio ya dhahabu akichakura majani makavu mchana kweupe kwa pua yake ndefu, lakini sijaona anapolala. Je, ana shimo kama panya, na je, ni jamaa zao?

Jibu la kwanza
Hakai shimoni, ndugu yangu. Huparua udongo kidogo, akatandika majani, kisha akayafunika kwa majani mengine hata kiota kikafanana na takataka za kawaida za msituni, nawe ukapita kando yake bila kushtuka. Kazi hiyo huifanya asubuhi na mapema, majani yakiwa bado na unyevu, kwa sababu yakikauka hupiga kelele zinazoweza kumwita adui. Tena huwa na viota kadhaa, akihama kutoka kimoja hadi kingine. Kwa kweli mnyama huyu ana hadhari ya ajabu.

Jibu la pili
Si panya. Kinasaba yuko karibu zaidi na tembo, pimbi na nguva. Dume na jike hushirikiana eneo moja, ingawa kila mmoja hutafuta wadudu peke yake. Ngozi ya makalio ni nene, hasa ya dume, nayo humkinga na meno ya wapinzani wake.

Jibu la tatu
Naomba niongeze: mitego ya vitanzi bado humwua. Ukiiona kwenye vijia vya msituni, tafadhali wajulishe askari wa misitu.